Ukoo Ndani ya Kipande cha Pezi

Mkasi ni mdogo, wa kushikwa kwa vidole viwili, na kabla ya kumgusa kila samaki hufutwa kwa spiriti na kupitishwa motoni. Samaki hulazwa juu ya kitambaa kibichi, hupimwa urefu kwa milimita na kupigwa picha ubavuni, mapezi yamekunjuliwa. Kisha hukatwa kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kipande hicho huingia katika kichupa chenye ethanoli ya asilimia 96, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Ni penseli kwa sababu wino huyeyuka katika ethanoli, na kichupa kisichojulikana kimetoka maji gani hakina kazi tena. Samaki anarudishwa majini, pezi litaota.

Hapo ndipo unapoanzia ufundi ambao wenyewe huuita jenetiki ya makundi: kusoma vinasaba vya samaki wengi wa porini ili kujua nani ndugu wa nani, nani amechanganyika na nani, na ukoo upi unaelekea kwisha. Ni ufundi usio na kishindo. Siku za majini ni chache, miezi ya mezani ni mingi. Lakini katika nchi ambayo samaki wamehamishwa kwa ndoo na debe kwa zaidi ya miaka 70, yako mambo ambayo jicho la mvuvi, hata liwe kali namna gani, haliwezi kuyaona bila msaada wa kichupa hicho.

Chukua wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Ukitaja samaki sokoni, watu huwaza sato na dagaa waliopandishwa kutoka Busega au Magu. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa 2012, unagusa Ziwa Victoria kwa upande wa Busega tu. Maswa yenyewe ni nchi ya mbuga nyeusi, pamba, mpunga, ng'ombe na malambo. Malambo hayo yana historia yake. Kati ya 1947 na 1956 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa maendeleo wa Usukuma, na malambo mengi yakachimbwa ili watu na mifugo wapate maji ya kiangazi. Makao ya Shirikisho la Usukuma yalikuwa Malya, jirani na Malampaka kwenye reli ya Mwanza. Na ni Malya hiyohiyo, pamoja na Korogwe mkoani Tanga, ambako majaribio ya kwanza ya kufuga perege nchini yalianza mwaka 1949. Kufikia 1968 mabwawa ya samaki nchini yalikadiriwa kufika 8,000.

Samaki wa jamii hii ni rahisi mno kuhamisha. Ngege, sato, mbiru na wenzao hawatagi mayai wakayaacha. Jike huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga vikitishwa hukimbilia humohumo mdomoni. Anayemhamisha jike mmoja kwa debe huenda amehamisha vizazi viwili kwa mkupuo, bila kujua. Akimwaga debe hilo lambo la pili, ameanzisha ukoo mpya. Akilimwaga mahali penye samaki wa jamii hiyo tayari, ameanzisha ndoa.

Ndoa hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyowaletea ngege matatizo. Zamani ngege ndiye aliyekuwa samaki wa heshima wa Ziwa Victoria. Nyavu za makila zilipoingia ziwani mwaka 1905, yeye ndiye aliyelengwa. Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, ndiye aliyempa jina la kisayansi, na ndiye aliyeshauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Ushauri haukudumu. Kuanzia miaka ya 1950 akaletwa sato, pamoja na perege wengine wa kigeni, na sangara naye akaingizwa. Leo ngege yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na aliyebaki anatafutwa zaidi katika viziwa vya pembeni na mabwawa: Kanyaboli nchini Kenya, kwa mfano, au kule alikopelekwa na watu, kama bwawa la Nyumba ya Mungu katika bonde la Pangani.

Mfugaji wa Kisukuma hamjui ng'ombe wake kwa rangi peke yake. Anajua mama yake ni yupi, dume gani lilimpanda, na kama ukoo huo uliingia zizini kwa mahari au kwa kununuliwa mnadani. Mwanajenetiki anatafuta maarifa hayohayo juu ya mnyama ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona mama yake. Kwa macho, sato hutambulikana kwa mistari ya wima iliyo wazi kwenye pezi la mkia, na ngege hana mistari hiyo. Chotara wa kwanza anaweza kujisaliti kwa mkia huo. Lakini chotara huyo akizaa na ngege, na mtoto wake naye akizaa na ngege, mjukuu anaweza kuwa ngege mtupu kwa sura huku ndani amebeba urithi wa sato. Mvuvi hakosei anapomwita ngege. Anachokiona ndicho kinachoonekana.

Kwa hiyo tuseme kikosi kimefika kwenye lambo mojawapo la Maswa. Fundi mzuri haanzi na wavu. Anaanza na salamu, kisha anaketi na mzee anayelijua lambo. Mzee atauliza, "Mwanangu, hicho kipande cha pezi kitakwambia nini nisichokijua mimi?" Binti wa maabara atajibu, "Baba, wewe utaniambia samaki hawa waliletwa na nani, na lambo lilikauka mwaka gani. Pezi litaniambia walikuwa wangapi, na waliolewa na nani." Majibu ya mzee huandikwa kwenye daftari lilelile lenye namba za vichupa, kwa sababu mwaka ambao lambo lilibaki dimbwi la magoti utaonekana baadaye ndani ya vinasaba, na asiyejua habari za ukame huo atauita fumbo.

Wavu nao una adabu zake. Huhitajika samaki 30 hadi 50 kutoka kila maji, na haifai kuwachota wote kwa mvuto mmoja. Vifaranga vinavyoogelea pamoja mara nyingi ni watoto wa mama mmoja. Ukivichukua hivyo hutakuwa umepima lambo, utakuwa umepima nyumba moja. Basi wavu hutupwa kona hii na kona ile, asubuhi na jioni, wanachukuliwa wakubwa kwa wadogo.

Maabarani, kipande cha pezi hulowekwa usiku kucha katika maji ya dawa yenye kimeng'enya cha kuyeyusha protini, kwenye joto la sentigredi 55 hivi. Asubuhi nyama imetoweka. Hutiwa chumvi nyingi, protini zikaganda. Kichupa huzungushwa kwa kasi katika mashine, masalia yakatua chini. Maji safi ya juu huhamishiwa kichupa kipya na kutiwa ethanoli ya baridi. Fundi hukishika kichupa kwa vidole na kukipindua taratibu, huku, kule, huku tena. Mahali ambapo hapakuwa na kitu hutokea vijiuzi vyeupe vinavyoelea na kujikusanya. Hivyo ndivyo vinasaba vyenyewe, vinavyoonekana kwa macho matupu. Mkono wenye pupa huvikatakata, kwa hiyo hatua hii humfunza hata mwanafunzi machachari kutulia.

Kisha mashine ya PCR, ya kunakili vinasaba. Hupandisha joto hadi sentigredi 95, pande mbili za uzi wa DNA zikaachana. Hushusha hadi kwenye 55, vipande vifupi vya kuanzishia nakala vikashika mahali palipokusudiwa. Hupandisha hadi 72, nakala ikajengwa. Mizunguko 30 ya namna hiyo, kila mmoja ukizidisha mara mbili, hutoa nakala zaidi ya bilioni 1 kutoka uzi mmoja. Sehemu iliyozoeleka kutafutwa ni ile ambayo herufi za vinasaba hujirudia, C na A, C na A, mara 12 kwa huyu, mara 17 kwa yule. Kila samaki hutoa namba mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika sahani yenye vishimo 96, kimoja huachwa makusudi bila samaki, kikapita hatua zote pamoja na wenzake. Kishimo hicho kikitoa jibu, maana yake kuna uchafu ulioingia, na kazi ya sahani nzima inatupwa. Baadhi ya samaki hupimwa mara ya pili kwa namba nyingine, ili fundi ajisahihishe bila kujipendelea. Sioni kitu cha kuheshimika zaidi katika ufundi huu kuliko kishimo kile kitupu. Kipo kwa ajili ya kumkana mwenyewe aliyekiweka.

Zikishapatikana namba, huanza kusomwa. G. H. Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walionyesha mwaka 1908 namna ya kukadiria ni samaki wangapi wanapaswa kuwa na namba mbili tofauti ikiwa wote huoana bila ubaguzi. Ukikuta walio na namba tofauti ni wachache kuliko hesabu, kuna jambo. Mswidi Sten Wahlund alieleza mojawapo mwaka 1928, mwaka uleule ngege alipopata jina lake la kisayansi: huenda ulichodhani ni kundi moja ni makundi mawili yanayoishi pamoja bila kuoana. Ndiyo maana wavu mmoja uliojaa perege wanaofanana unaweza, mezani, kugawanyika kuwa jamaa mbili.

Machotara nao wana hesabu zao. Tuseme zipo alama ambazo sato na ngege hawafanani hata kidogo. Chotara wa kwanza atakuwa na alama ya sato kila mahali, nusu kwa nusu. Mtoto wake na ngege halisi ana nafasi ya nusu kuikosa alama ya sato katika kila sehemu unayopima. Ukipima sehemu 5, mmoja kati ya 32 atakupita bila kugundulika. Ukipima sehemu 10, atakupita mmoja kati ya 1,024. Lakini mjukuu ni mjanja zaidi: hata kwa sehemu 10, mmoja kati ya 18 hivi ataonekana ngege safi. Kwa hiyo neno "safi" halitolewi ovyo katika kazi hii. Fundi mkweli husema sehemu ngapi zimepimwa, na ni chotara wa kizazi gani anayeweza kuwa amejificha nyuma ya hizo. Tena ipo DNA ya mitokondria inayorithiwa kwa mama peke yake. Ni nzuri kwa kufuata ukoo wa kike, ila ikisema ngege, imemtaja bibi tu. Babu anaweza kuwa sato.

Tanzania haijaachwa nyuma katika kazi hii. Watafiti wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, wakiwemo Asilatu Shechonge na Benjamin Ngatunga, wameshirikiana na Martin Genner na George Turner wa vyuo vikuu vya Bristol na Bangor kupita mabonde ya mito nchini wakikusanya perege. Matokeo yao ya 2019 yalionyesha kwamba sato na perege mwingine wa kuletwa, Oreochromis leucostictus, wamesambaa mbali sana na maji yao ya asili, na chanzo kikubwa ni watu kuwapandikiza kwa makusudi kwa miongo mingi. Kufuata samaki hao kwa vinasaba kumetoa majibu yasiyofanana. Katika bonde la Pangani, kati ya wageni na perege wa Jipe ambaye naye yuko hatarini kabisa, uchanganyikaji uliokutwa ulikuwa mdogo. Kusini, katika viziwa vya karibu na Lindi kama Rutamba, vinasaba vilifichua mambo mawili kwa pamoja katika kazi iliyochapishwa 2021: perege wa Korogwe wanaoishi huko ni ukoo wa peke yake, tofauti na wenzao wa kaskazini, na ukoo huo tayari unamezwa na wageni. Umegunduliwa ukiwa unapotea. Huko Kanyaboli nako, alama za sato zimekutwa ndani ya ngege.

Utaona basi kwamba hakuna kanuni moja ya kuchukua kutoka bonde hili na kuipeleka lile. Pangani si Rutamba, na Rutamba si Maswa. Ngege mwenyewe, anayehitaji ulinzi nyumbani kwake Victoria, ni mgeni akiwa Nyumba ya Mungu. Kila maji yanadai kuulizwa yenyewe.

Swali la pili ambalo pezi hujibu ni la idadi, na si idadi ya vichwa. Lambo linaweza kujaa samaki maelfu ambao wote wametokana na wazazi wachache. Hesabu yake inaeleweka: dume 1 akizaa na majike 50, kwa upande wa urithi kundi hilo lina thamani ya wazazi 4 tu, kwa sababu nusu ya urithi wote umepita kwa dume mmoja. Kundi lenye thamani ya wazazi 10 hupoteza asilimia 5 ya utofauti wake kila kizazi. Lenye wazazi 500 hupoteza sehemu 1 katika 1,000. Perege hukomaa mapema, vizazi hupita haraka, na kupotea huko hakupigi kelele mpaka ugonjwa au joto lije na kusiwe na samaki hata mmoja aliyerithi kinga. Hili linamhusu moja kwa moja mwenye kitalu cha vifaranga. Akichagua wazazi kwa ukubwa tu kutoka bwawa moja, mwaka hadi mwaka, anapunguza akiba ambayo hataiona ikipungua.

Mto Simiyu wenyewe una samaki wake wa kutoa ushahidi. Ningu, anayepatikana katika bonde la Ziwa Victoria peke yake, hupanda mito wakati wa mafuriko kwenda kutaga, na safari hiyo ndiyo iliyomponza: makila yalitandazwa kwenye midomo ya mito, majike yakanaswa yakiwa na mayai, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeanguka. Mwaka 2004 Justus Rutaisire wa Uganda na wenzake walisoma DNA ya mitokondria ya ningu na kukuta kwamba koo zake zilianza kutengana kabla ya ziwa kukauka, tukio ambalo wanajiolojia huliweka kwenye miaka kama 15,000 iliyopita. Fikiri maana yake. Ziwa lilikwisha, ningu hakwisha. Lazima palikuwa na maji mengine ya kumhifadhi, na samaki wa mtoni hukimbilia mto. Mto unaobaki mchanga mtupu wakati wa kiangazi huonekana hauna samaki wa kulindwa. Historia iliyo ndani ya ningu inasema mito ya bonde hili imeshawahi kuwa ghala la ziwa zima.

Mto huohuo hubeba pia udongo wa mashamba yetu kwenda Ghuba ya Speke, na hapo unaingia samaki wa tatu, furu. Ole Seehausen, akifanya kazi na Hillary Mrosso wa TAFIRI na wengine, alichunguza furu wa visiwa vya miamba kusini mwa ziwa. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, alipewa jina la Mwalimu. Madume ya nyererei ni mekundu, na ya ndugu yake Pundamilia pundamilia ni ya buluu. Jike huchagua mume kwa rangi. Penye maji maangavu, kama Kisiwa cha Makobe, vinasaba vinaonyesha spishi mbili zilizoachana. Penye maji machafu sana, kama Luanso, rangi haisomeki, na zilizokuwa mbili ni kundi moja lililochanganyika. Matokeo hayo yalichapishwa 2008 katika jarida la Nature. Hakuna aliyevua mpaka akamaliza, wala hakuna aliyeleta mgeni. Tope peke yake linatosha kufuta mpaka kati ya spishi na spishi. Kinga maji au mti uliopandwa kingoni mwa mto, Bariadi au Maswa, una uhusiano mkubwa na samaki kuliko unavyodhaniwa.

Ufundi huu peke yake hauokoi samaki. Hautungi sheria, haufukuzi kokoro, hauondoi sato alikokwisha kuingia. Unachofanya ni kuzuia watu wema wasiharibu kwa nia njema, na katika malambo madhara mengi yamefanywa hivyo. Kabla ya kupandikiza vifaranga katika lambo lolote la Maswa, maswali ni matatu: humu wamo akina nani, wanaoletwa ni akina nani, na wazazi wao walikuwa wangapi. Yote matatu hujibiwa kwa vichupa 50 kwa kila maji, spiriti, mkasi na penseli, kisha maabara. Lambo litakalokutwa na ngege wasio na alama za sato lisipandikizwe vifaranga vya sato, na wanakijiji waelezwe sababu ili walilinde wao wenyewe. Litakalokutwa limechanganyika tangu zamani liachiwe sato, na wafugaji wajilie kwa amani. Gharama ya kuuliza ni ya mara moja. Samaki wakishaoana, hakuna serikali wala taasisi inayojua kuwatenganisha.